Mwaka Niliompelekea Shangazi Mikate ya Dukani

Simu ilinikuta juu ya lori la unga, Tabora mjini, nyuma ya kiwanda kidogo cha mikate ambako nilikuwa kibarua tangu mvua za kwanza. Zilikuwa zimebaki siku mbili Krismasi ifike. Aliyepiga alikuwa jirani wa shangazi yangu kule kijijini, mjane aliyemzika mume wake mwezi wa tisa. Hakuwa na kawaida ya kunipigia. Kwao mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, nyuma ya shule, na mtu hapandi kichuguu kile bila sababu.

"Shemeji," alisema, maana mume wake nilikuwa nikimwita kaka, "Krismasi hii mletee shangazi yako mikate ya dukani. Asioke."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Asioke tu."

"Kwa nini?"

"Wewe na maswali yako. Leta mikate." Akakata.

Ni kweli, mimi ni mtu wa maswali. Shule niliiacha darasa la tano, na tangu hapo nimefanya kazi nyingi bila kudumu na hata moja. Nimekausha tumbaku Urambo, nimelina asali kwenye misitu ya Sikonge, nimeuza mayai ya kuchemsha kwa abiria madirishani mwa treni. Kila mahali nilikaa mpaka nikajua jinsi kitu kinavyofanyika, kisha nikaondoka. Lakini siku ile sikuhitaji kuuliza mara ya pili. Nilishuka kwenye lori, nikakaa juu ya mfuko wa unga.

Shangazi ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Ni dada mkubwa wa baba, hana mtoto, na ananiita "baba" kwa sababu nilipewa jina la babu, baba yake. Kila Krismasi huoka mikate ya asali. Alifundishwa na mama yake, ambaye aliiona kwa wamisionari alikokuwa akifua nguo, akaja kuijaribu nyumbani kwa vitu alivyokuwa navyo. Unga wa ngano hukandwa kwa togwa ya ulezi iliyoanza kuchacha, ndiyo inayoumua badala ya hamira. Huongezwa asali na mafuta kidogo, donge likaingia kwenye sufuria nzito, sufuria ikakaa juu ya makaa, na makaa mengine yakawekwa juu ya mfuniko wa bati. Hapo ndipo kazi ilipo. Ukipepea kwa ungo, majivu huruka na kuingia ndani. Kwa hiyo shangazi huinama, uso karibu na mfuniko, akapuliza kwa mdomo polepole, akiizunguka sufuria kidogo kidogo, mkate baada ya mkate, tangu asubuhi mpaka jioni. Moshi wote ni wake.

Miaka hamsini ya moshi huo imemwachia macho mekundu. Mekundu kweli, kama ya mtu aliyelia wiki nzima. Mahali pengine ungempeleka kwa daktari wa macho. Kwetu huku, kwa mwanamke mzee anayeishi peke yake, macho mekundu si ugonjwa, ni mashtaka ya uchawi. Nimetembea Nzega na Igunga, nikaona nyumba ambazo mlango uko wazi, paa limeanguka, na mahindi ya jirani yamefika mpaka ukutani. Ukiuliza nani alikaa hapa, unajibiwa, "Bibi mmoja." Ukiuliza alikwenda wapi, mtu anaanza kuzungumzia mvua. Hilo nilijifunza kutoliuliza.

Na kulikuwa na kifo. Mwezi wa nane mume wa yule mjane alimfanyia binti yake sherehe ya kipaimara, akamwomba shangazi aoke mikate yake ya asali, ambayo kwa kawaida hutoka Krismasi tu. Alikula, akaisifu, akaomba na wa kubeba shambani. Mwezi wa tisa akafa, miguu imevimba, pumzi haitoshi. Alikuwa na presha ya miaka mingi na vidonge alimeza siku alizokumbuka. Hayo nilikuwa nayajua mimi. Kijijini walichokumbuka ni mkate.

Kwa hiyo nikiwa pale juu ya mfuko wa unga niliona kama mjane amenipa dawa. Asubuhi ya Krismasi, watu wakitoka kanisani, kila nyumba pale kijijini hupeleka kwa majirani sahani iliyofunikwa kitambaa, Wamoravia kwa Wakatoliki, hata wasiosali popote. Sahani za shangazi zikienda na mkate uliofungwa nailoni kiwandani, wenye lebo, ambao hakuna mkono wa mtu kijijini uliougusa, nani atasema nini? Nilichukua katoni mbili, moja ya skonzi, moja ya keki ndogo, na kesho yake alfajiri nikapanda basi la Kigwa.

Kutoka Kigwa unaingia ndani kwa pikipiki karibu saa nzima. Kijana wa bodaboda alifunga katoni zangu nyuma kwa mpira huku akicheka.

"Mzee, Krismasi yako imeokwa na mashine. Huko ndani huna ndugu wa kukuokea?"

"Ninaye. Nampumzisha."

"Nani huyo?"

Nikamwelekeza nyumba: ile ya mwisho, baada ya kanisa la Moravian, yenye mlango unaotazama machweo. Hakucheka tena. Mvua ilikuwa imeacha madimbwi kila kona, na tulipofika penye kanisa akasimamisha pikipiki.

"Hapa panatosha," alisema.

"Nyumba ile pale, unaiona. Nifikishe."

"Panatosha, mzee." Alifungua mpira bila kunitazama usoni, akageuza, akaondoka.

Hatua mia mbili zile nilizitembea na katoni moja kichwani na moja kwapani, na niliona jinsi watu walivyonyamaza nilipopita. Walinisalimu wote. Hakuna aliyeniuliza za safari.

Shangazi nilimkuta uani anachuja togwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umekonda. Na hizo katoni?"

"Mikate. Kiwandani wamenipa. Nikasema mwaka huu upumzishe mikono."

Alichukua skonzi moja, akaibonyeza kupitia nailoni. Ilibonyea na kubaki hivyo hivyo.

"Huyu amekufa lini?"

"Shangazi."

"Nauliza. Mkate mzima ukiubonyeza unainuka." Akairudisha kwenye katoni kwa heshima, kama kitu cha mgeni. "Nani amekupigia simu?"

Nilisema hakuna. Aliendelea kuchuja, na mimi nikakaa juu ya kinu nikijifanya nimechoka na safari. Sikujua kama anajua. Niliogopa kumwambia, na niliogopa zaidi kwamba labda nitakuwa wa mwisho kumwambia.

Haikupita saa moja, akaja mdogo wa marehemu. Mtu huyu alitoka Bukene kuja msibani, akabaki kwa mjane kusimamia, kama alivyosema mwenyewe, mambo ya kaka yake. Ni mtu mpole wa sauti. Alisimama nje ya uzio wa minyaa, mikono nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimekaribia. Naona mgeni ameingia na mizigo. Krismasi hii kwa mama tutakula nini?"

Nilirukia swali lile kama mtu aliyekuwa akilisubiri. Niliinua katoni, nikamwonyesha lebo, nikamwonyesha jinsi nailoni ilivyofungwa. Nikasema mwaka huu kila nyumba itapata mkate wa kiwandani, safi, haujaguswa. Nilisema neno hilo, haujaguswa, mara mbili.

Aliitazama lebo kwa makini. Kisha akamtazama shangazi.

"Kumbe hata yeye mwenyewe ameamua kuacha," alisema taratibu. "Basi vizuri." Akaaga kwa adabu.

Shangazi alisubiri hatua zake ziishe. Halafu akaweka chujio chini.

"Unajua umefanya nini, baba?"

Sikujua.

"Nikioka, watasema nimetia kitu. Hilo nimelizoea, ni la maneno tu, na maneno huchoka. Lakini nisipooka mwaka huu, baada ya miaka yote hii, watauliza kwa nini nimeacha. Na jibu wamepewa sasa hivi na mtoto wangu mwenyewe. Umesema haujaguswa. Haujaguswa na nani?"

Ndipo aliponieleza. Yule bwana alikwenda kwa mganga, huko Nzega, akapigiwa ramli. Akaambiwa kaka yake ameuawa na mkono wa mwanamke, jirani, ambaye mlango wake unatazama jua linapozama. Alirudi na maneno hayo na hakuyapigia kelele. Aliyasema kwa mtu mmoja mmoja, kwa sauti ile ile ya upole.

"Jumapili iliyopita kanisani," shangazi alisema, "nilikaa kwenye benchi peke yangu. Watu wote wamejisogeza nyuma, kama kuna maji yamemwagika."

"Tuondoke leo. Kuna treni, kuna basi. Tabora, pale Ipuli, nina chumba."

"Nikiondoka leo nimekiri. Na mimi watanifuata hata Ipuli, kama ni watu wa kufuata."

Nilitoka kwenda kupanda kichuguu nimpigie mtu yeyote, polisi, mchungaji, bosi wangu. Njiani nilikuta vijana wawili wamesimamisha baiskeli, wanaitazama nyumba yetu. Hawakuwa wanafanya lolote. Mmoja alikuwa akimwonyesha mwenzake kwa kidole ule upande wa nyuma, penye dirisha la chumba cha shangazi. Waliponiona walinisalimu, "Shikamoo, bro," na mmoja akacheka. Nikageuka nikarudi nyumbani mbio, simu sikupiga. Niliogopa kumwacha hata kwa muda ule wa kupanda na kushuka.

Nilipoingia uani alikuwa ameshaamua. Amekoroga unga, ameanza kukanda. Sikumzuia. Nilikaa mlangoni, mgongo ukutani, nikawa natazama minyaa na kumtazama yeye kwa zamu. Akaingiza mkono kwenye mkunjo wa kanga, kiunoni, akatoa kitambaa kidogo kilichofungwa fundo. Akalifungua kwa meno. Ndani kulikuwa na unga wa rangi ya kijivu, akachota kwa vidole vitatu, akatia kwenye donge.

Nimekula mikate ile tangu sina meno. Nimeiba ikiwa ya moto, nimelamba sufuria. Hata siku moja sikuwahi kuogopa mkono ule. Lakini pale, jua likiwaka, mdomo wangu ukasema kabla yangu:

"Nini hicho?"

Haikuwa sauti yangu ya kuuliza mambo. Aliitambua tofauti. Alinyanyua uso, macho yale mekundu yakanitazama muda mrefu, na mikono yake ikaacha kukanda.

"Iliki," alisema. "Uliyoninunulia wewe soko kuu Tabora, Pasaka. Nimeiponda jana."

"Najua. Nilikuwa nauliza tu."

"Hapana. Hukuwa unauliza tu."

Alilifunga upya lile fundo la kitambaa, taratibu, akanawa mikono kwenye beseni la maji.

"Kama wewe umefika hapo," alisema hatimaye, "wale wengine siwezi kuwalaumu. Beba sufuria. Beba kuni, beba asali, beba kila kitu. Twende kanisani."

"Kufanya nini?"

"Wakaone."

Siku ile wanawake walikuwa kanisani wakifagia, wakipamba kwa majani na maua, na wengine wakichambua mchele wa sikukuu kwenye uwanja. Hatukupita njia ya nyuma. Tulipita katikati ya kijiji, shangazi mbele na beseni la unga kichwani, mimi nyuma na kuni na sufuria mbili, na kila hatua nilisubiri jiwe. Sisemi hivyo kwa kupamba maneno. Nilikuwa nimekaza shingo nikilisubiri.

Uwanjani mifagio ilisimama. Shangazi alipanga mafiga matatu kwenye uwazi, mbali na kivuli, akaniambia niwashe moto. Halafu akamwita mjane, aliyekuwa ameketi na ungo wa mchele mapajani.

"Mwanangu, njoo unikandie."

Mjane hakuinuka. Mdogo wa marehemu alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa. "Shemeji," alimwambia mjane, "nadhani turudi nyumbani."

Shangazi hakumtazama. "Togwa hii hapa, ionje. Asali hii hapa, imetoka mizinga ya mzee wako wa kanisa, muulize. Iliki hii haijapondwa, iponde mwenyewe. Mimi sitagusa kitu. Nitakaa pale." Alionyesha jiwe, hatua kama kumi kutoka motoni. "Nitasema tu."

Kuni zikaanza kulia. Nilimtazama mjane nikaona kwamba naye anaogopa, pengine kuliko mimi. Kama angeinuka, angeishije na mtu yule nyumbani mwake? Kama asingeinuka, sisi tungerudije kwenye nyumba ile ya mwisho?

"Na ukiungua?" aliuliza mjane.

"Umeuunguza wewe. Mimi niko juu ya jiwe."

Mwanamke mmoja akacheka, kicheko kifupi cha kukosa la kufanya. Mjane aliweka ungo chini. Alikwenda kwenye ndoo, akanawa mikono mbele ya wote mpaka kwenye viwiko, akapiga magoti mbele ya beseni. Alimwaga lile donge la kwanza chini, akaanza upya na unga mpya.

Shangazi alikaa juu ya jiwe lake akaanza kufoka, na ufokaji ule ndio ulionirudishia pumzi kidogo.

"Unakanda au unambembeleza? Piga."

"Napiga, mama."

"Unampiga kama mgeni. Haya, makaa juu. Sasa puliza. Siyo hivyo, hupozi chai."

"Moshi, mama."

"Ndiyo, moshi. Ulidhani asali inaiva kwa nyimbo?"

Mjane alikohoa, akafuta macho kwa kanga, akainama tena. Alipochoka, mwanamke mwingine alimsogeza kwa kiwiko akapuliza yeye. Kisha wa tatu. Sikuweza kukaa. Nilizunguka uwanja nikiokota vijiti ambavyo havikuhitajika, nikihesabu vijana waliokuwa wakikusanyika upande wa barabara, wakiwemo wale wawili wa baiskeli. Mdogo wa marehemu alikwenda kusimama nao.

Mkate wa kwanza ulitoka alasiri, mweusi upande mmoja. Uliwekwa juu ya jani la mgomba na hakuna aliyeukata. Shangazi akaja kutoka kwenye jiwe, akamega, akala. Akanipa kipande. Nilikiingiza chote mdomoni kwa pupa, kwa sababu natazamwa na kwa sababu ya aibu. Kilikuwa kimeungua, na chachu imezidi. Wanawake wawili watatu walimega vipande vidogo vya ukubwa wa ukucha, wakavishika tu.

Mjane hakumega. Alisubiri mkate wa pili, uliotoka vizuri, akauinua mzima mzima, akaufunga kwenye kanga yake.

"Huu wa watoto," alisema.

Mdogo wa marehemu alisogea. Upole wote ulikuwa umemtoka. "Utawalisha watoto wa kaka yangu huo mkate?"

"Nimeukanda mimi. Nimeupuliza mimi." Sauti yake ilikuwa inakatika katikati, lakini aliendelea. "Kama kuna wa kuulizwa juu ya mkate huu, niulizwe mimi. Na ukirudi kwa mganga wako, mwambie mlango wangu mimi unatazama mashariki."

Mtu yule alitazama wanawake mmoja baada ya mwingine, na wale waliokuwa wameshika vipande vya ukubwa wa ukucha wakaviweka mdomoni, si kwa furaha, kama mtu anavyomeza kidonge. Akageuka akaenda. Vijana walibaki kidogo, halafu mmoja akaja kuomba kipande, kwa njaa tu nadhani.

Siku ya Krismasi sahani zilikwenda. Nyumba kadhaa zilituma mtu kusema zingependa ile ya dukani, na shangazi akazipelekea ya dukani bila neno. Nyingine zilipokea ya asali. Watoto wa mjane niliwaona wakiwa na makombo shavuni, nikawatazama siku nzima kama mgonjwa anayetazama kipimajoto. Hawakuumwa. Niliwaza, na bado nawaza, ingekuwaje kama mmoja wao angepata malaria wiki ile, maana ni msimu wake.

Mdogo wa marehemu alirudi Bukene baada ya mwaka mpya. Hakuaga kwetu. Watu walisema amekasirika, wengine wakasema atarudi msimu wa kupanda. Benchi la shangazi kanisani likapata mtu mmoja, mjane, halafu watatu.

Lakini mimi sikurudi Tabora. Nililaza kitanda changu cha kamba mbele ya mlango wake, nikasema ndani kuna joto. Nilipalilia mahindi yake, nikaziba uzio wa minyaa kila penye tundu, nikaweka ubao dirishani upande wa nyuma. Februari ilinikuta hapo hapo, mimi ambaye sijawahi kuona palizi mbili katika shamba moja. Shangazi aliniuliza mara mbili kama nimefukuzwa kazi kule kiwandani, na mara zote mbili nilimwambia ndiyo.